Chungu cha Mama na Maji ya Rejeta

Kila Jumamosi hapa shuleni mpishi huchemsha maji yenye magadi kwenye pipa, akatumbukiza humo sufuria zote zilizoganda mafuta ya wiki nzima. Mvuke hupanda mpaka bwenini. Wenzangu huziba pua na kucheka. Mimi hutoka nje nikajifanya nimesahau kitabu darasani, kwa maana harufu ile ya magadi na mafuta ya moto hunirudisha Mau Narok, kwenye banda la lori, na nikishafika huko sisikii harufu tena. Nasikia vidole vya baba vikivunjika.

Si jambo la kusema mbele ya watu. Mimi mwalimu akiniuliza hata jina la mto tu, ulimi unaganda na darasa zima linageuka kunitazama. Lakini karatasi haina macho. Basi nyinyi mtakaosoma nitawaambia kama yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Nilikuwa mdogo wakati huo, meno yangu ya mbele yakiwa nusu yameota. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano na viazi, ambaye sisi wote tulimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona kichwa chake. Kazi ya baba ilikuwa lori moja kuukuu la kijani, lililopeleka magunia Njoro na Nakuru na kurudi na mbolea. Baba alilipa jina la Mama Mkwe. Alisema ni lazima ulikaribie kwa heshima, usilipandishie sauti, na hata ukilifanyia mema namna gani halitatabasamu. Asubuhi za baridi, barafu ikiwa imelala juu ya nyasi kama chumvi, tulimsikia akizungusha hendeli huku akibembeleza, "Haya mama, amka basi mama, mkwe wako nimekuja." Mama yangu alikuwa akicheka jikoni mpaka moshi unamkaba.

Lakini ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, na kicheko hakikukaa sana nyumbani kwa mtu. Dereva aliyemtangulia baba aliunguza injini, na Bwana Kofia hakumuuliza ilikuwaje. Alimpakia juu ya trela ya trekta, yeye na mkewe na watoto, wakapelekwa stesheni ya Njoro wasukumwe huko rizavu, nchi iliyotengewa Waafrika, ambako hawakuwa na shamba wala kibanda. Nilimwona mtoto wao wa mwisho akitupungia mkono, akidhani wanakwenda matembezi. Homugadi mmoja alimgonga kichwani kwa mpini wa mkuki ili akae chini.

Homugadi, kwa wale ambao wamebahatika kutowajua, walikuwa watu wetu wenyewe. Serikali iliwapa makoti, mikuki na bunduki chache, wawasake waliokula kiapo cha watu wa msituni waliopigana na wazungu, kiapo kilicholishwa kwa siri kutoka chunguni. Mkubwa wao pale shambani aliitwa Kamotho. Kabla hajavaa lile koti alikuwa jirani yetu, mkata majani ya ng'ombe, na mkewe alikuwa rafiki wa mama. Mimi mwenyewe nilishapakatwa na Kamotho, nikala viazi vya kuchoma kutoka mkononi mwake. Baada ya kupewa koti aliacha kutusalimu.

Sasa, wakati mmoja wa mavuno, Mama Mkwe alichemka akipanda kutoka Njoro. Baba alirudi jioni uso umetapakaa vumbi, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Maji ya rejeta yamekuwa chai ya maziwa."

"Chai?"

"Oili imeingia kwenye maji, mama Nyambura. Nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Imepungua sana, lakini ni safi, haina maji ndani. Na chini ya lori hakuna hata tone."

"Kwa hiyo imekwenda wapi?"

"Ndiyo hivyo. Mama Mkwe anajinywea mwenyewe."

Mama hakucheka. Baba akaendelea kueleza, na mimi, huyo Nyambura, nikasikiliza nikiwa nimejikunyata kando ya mbuzi wetu. Alisema huenda ni grisi tu ya pampu ya maji, ambayo aliijaza kupita kiasi wiki iliyopita. Hiyo haikuwa neno. Lakini huenda gasketi imeungua, lile bati jembamba la shaba linalokaa kati ya kichwa cha injini na kiwiliwili chake na kuitenga njia ya oili na njia ya maji. Hiyo angeweza kuiponya, kama Bwana Kofia hajui. Na huenda chuma chenyewe kimepasuka. "Ikiwa ni chuma," alisema, "anza kufunga mizigo."

Kesho yake ilikuwa Jumapili na Bwana Kofia alikuwa ameteremka Nakuru kwa wazungu wenzake. Baba aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Mchana alikwenda kuyamwaga maji ya rejeta, lakini madebe yote ya bandani yalikuwa yamefungiwa, kwa kuwa homugadi walisema watu hubebea chakula cha kupeleka msituni ndani yake. Akaja nyumbani akachukua chungu cha mama, kile cha uji.

Mama alimfuata mpaka nje. "Chungu changu? Baba Nyambura, udongo unakunywa mafuta! Uji wangu utakuwa na ladha ya Mama Mkwe mpaka nife!"

"Nitakununulia kingine."

"Utakinunua wapi, kwa huyo mkweo?"

Alikirudisha jioni kimejaa. Alitaka maji yale yatulie mpaka asubuhi. Ikiwa ni grisi, alisema, itaelea mabonge mabonge. Ikiwa ni oili ya injini itatanda juu yote kama malai ya maziwa. Mama alikiweka nyuma ya mlango, na kwa kuwa tulilala na mbuzi na kuku humo humo, alikifunika kwa majani mapana aliyoyachuma kando ya mto, akayakaza kwa ukambaa wa nyasi kuzunguka shingo ya chungu. Nakumbuka nilikiona kizuri. Kilifanana na mtu aliyefungwa kitambaa kichwani.

Kulipopambazuka baba alifunua pembe moja ya jani, akatazama. Aliurudisha ukambaa, akachukua spana zake na kwenda bandani ili aanze kuifungua injini kabla Bwana Kofia hajarudi. Na mimi nilichungulia baada yake. Juu ya chungu palikuwa na utandu mzito wa kahawia, laini, usio na bonge hata moja.

Hatukuwa tumewasha moto vizuri tuliposikia mbwa. Walibweka wote pamoja, halafu mmoja mmoja wakanyamaza, na wa mwisho alilia kwa sauti ndefu ambayo sikujua kuwa mbwa anayo. Ulikuwa msako. Homugadi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu wa juu, mzee aliyekuwa akichunga kondoo wa Bwana Kofia, alitolewa kwa kuvutwa miguu, kichwa chake kikigonga mawe ya kizingiti, na mkewe akapigwa ngumi ya mdomo kwa sababu alimfuata na koti. Wanaume walikusanywa kwenye ghala la magunia. Ndipo mlango wetu ukaja ndani pamoja na bawaba zake.

Kamotho aliingia na wenzake wawili. Walipindua kitanda, wakapasua mto wa mama kwa mkuki, wakamwaga unga chini na kuukanyaga. Mbuzi alirukaruka katikati yao mpaka mmoja akamchoma ubavuni ili anyamaze. Kisha Kamotho akakiona chungu nyuma ya mlango. Aliinama, akakata ukambaa kwa panga, akafunua majani.

Aliruka nyuma kama aliyeumwa na nyoka, kisogo kikagonga mwimo wa mlango. Wenzake wakacheka, wakanyamaza walipoona uso wake.

"Naijua hii," alisema. Halafu akapiga kelele. "Naijua! Niliwaambia waliokula kiapo wako hapa! Ni hii! Nani amelishwa hii hapa ndani? Mama, hii ni nini?"

Mama alikuwa amesimama kando ya jiko akinishika begani. Kuliko kumchongea baba kwa Bwana Kofia, alisema neno la kwanza lililomjia.

"Ni uji, baba. Umeharibika."

"Uji."

"Uji, ndiyo. Umechacha."

"Uji unafunikwa hivi siku hizi? Unafungwa ukambaa?"

"Kuna kuku humu ndani."

Kamotho alichota kikombe cha bati kutoka chunguni, utandu ule ukining'inia pembeni. "Basi kifungua kinywa bado hujala, mama Nyambura. Kunywa uji wako."

Mimi nilijua kilichomo. Nilitaka kusema, na nilifungua kinywa, lakini mkono wa mama ulinibana bega mpaka nikahisi kucha. Alikipokea kikombe. Alikunywa. Hakufinya uso wala hakufumba macho. Alikunywa haraka haraka kama mtu mwenye kiu, huku akimtazama Kamotho juu ya ukingo wa kikombe, na mafuta yakamteremka kidevuni. Kamotho alimtazama mpaka akashindwa. Alikipiga kikombe kofi, kikaruka, kikamchana mama juu ya jicho.

Baba alikuwa amesikia kelele. Alikuja mbio kutoka bandani, spana mkononi, akipiga ukelele njia nzima. "Mwacheni! Ni maji ya rejeta! Ni ya lori, Kamotho! Mwache mke wangu!"

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kamotho aligeuka polepole.

"Huyu anasema uji," alisema, "na wewe unasema rejeta. Nyumba moja, midomo miwili. Ingekuwa uji, mngesema uji. Ingekuwa rejeta, mngesema rejeta. Watu wanaodanganyana hivi wanaficha kitu gani?"

"Njoo bandani nikuonyeshe, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako."

Wale wawili walimwangusha baba. Nje ya mlango wetu palikuwa na jiwe la mama la kusagia, na Kamotho aliuweka juu yake mkono wa kulia wa baba. "Huu ndio mlioinua mkiapa," alisema. Alishusha kitako cha bunduki. Nawaambia kweli, ilisikika kama mtu anavunja vijiti vikavu vya kuwashia moto, na nilistaajabu kwamba baba hakulia mara moja. Kwanza aliutazama mkono wake, kama anayeutambua mkono wa mtu mwingine. Kamotho alishusha kitako tena. Ndipo akalia.

Sijui wangeishia wapi kama gari dogo la Bwana Kofia halingetokea barabarani. Alishuka, kofia juu ya macho, akatazama mlango uliovunjika, mbuzi, mama na damu yake, baba chini. Hakuuliza habari ya hata kimoja. Kamotho alimletea chungu kwa mikono miwili, akikiweka mbali na kifua chake.

"Bwana, tumekamata kiapo."

Bwana Kofia alichovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Hii hapana kiapo. Hii oili," alisema. "Nani naharibu lori yangu?"

Kamotho hakukubali. "Bwana, mwanamke amesema ni uji. Anadanganya kwa nini?"

"Kwa sababu bwana yake naogopa mimi. Kweli, dereva?"

Baba alijaribu kupiga magoti, akaegemea mkono uliovunjika, akaanguka tena. Akiwa chini alisema gasketi imeungua, si zaidi, na kwamba angeitengeneza leo. Bwana Kofia alitazama mawingu juu ya Mau, kisha mashamba, ambako magunia ya ngano yalikuwa yamepangwa wazi yakisubiri.

"Sikiliza. Mvua nakuja. Ngano lazima kwenda Nakuru leo. Lori natembea, wewe nakaa hapa, hiyo maneno nakwisha. Lori hapana tembea, basi wewe nasema uwongo, oili nakuja kwa kiapo ama kwa shetani, mimi hapana jali. Huyu nachukua wewe, bibi, toto, yote."

"Bwana, mkono wake," alisema mama.

"Bibi iko mikono," alisema Bwana Kofia, akaingia garini.

Ndivyo mama yangu, ambaye hakuwahi hata kuugusa mlango wa Mama Mkwe, alivyoingia kwenye injini. Madebe yalifunguliwa kwa ajili ya kazi hiyo, na baba aliketi juu ya moja lililopinduliwa, mkono umefungwa kwa kitambaa cha mama cha kichwa, umevimba na kugeuka rangi kama kiazi kilichoachwa juani. Kamotho alikaa juu ya tairi, kamba mapajani, akifunga kitanzi na kukifungua. Kutoka ghalani, ng'ambo ya ua, tuliwasikia wale waliokuwa wakiulizwa. Kuna mmoja aliyekuwa akimwita mama yake. Kila kelele zilipopanda, baba aliongeza sauti ili mama asikie nati gani ya kufuata.

"Anzia pembeni ukifungua. Kidogo kidogo zote, usimalize moja. Spana ni kama mwiko tu."

"Mwiko hauniondoi bega," alisema mama. Aliacha kazi, akaenda nyuma ya banda, akatapika, akarudi akifuta kinywa. Pumzi yake ilinuka oili.

"Wanaume wa hapa wamekwisha," alisema Kamotho. "Siku hizi wanakaa kwenye debe wanapikiwa lori."

Mama hakugeuka. "Ungetaka afanye yeye, ungemwachia mkono."

Kamotho aliinuka, akampiga kofi la kisogo hata paji lake likagonga bomba la injini. Mama alisubiri mpaka macho yakatulia, akarudisha spana kwenye nati. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kisanduku nikipokea nati na kuziweka ndani ya kofia ya baba. Moja iliponiponyoka, Kamotho alinipiga na mimi, nikaanguka kutoka kisandukuni, na nikiwa chini ya lori nilifikiri nisitoke tena. Palikuwa na giza na utulivu huko. Lakini nati ilikuwa huko huko, na baba akaniita, "Maitu, umeiona?" Maana ya Maitu ni "mama yangu", ndivyo baba alivyoniita mimi aliponipenda sana. Nikatoka nayo.

Kichwa cha injini kilinyanyuliwa na mama pamoja na mmoja wa homugadi, ambaye alikuja kusaidia bila kuambiwa, na Kamotho akamtukana. Baba alisimama, akainamia ile gasketi. Kwenye shaba, kutoka tundu la oili mpaka tundu la maji, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, uliopinda kidogo kama njia ya siafu.

"Ndiyo hii," alinong'ona. "Hii ndiyo iliyopitisha oili."

"Basi tumepona?" aliuliza mama.

"Bado. Lazima tujue kama chuma nacho hakikupasuka pale pale."

Alimwagiza mama apanguse chuma kwa mafuta ya taa, akifute kikauke kabisa, kisha aninyunyizishe unga juu yake. Mafuta ya taa hujificha kwenye ufa hata ukipangusa, alisema, na unga huyavuta yatoke. Ukitokea mstari wa unyevu kwenye unga, ni ufa. Mama alikwenda nyumbani akakwangua ule unga uliokanyagwa sakafuni. Niliunyunyiza kwa vidole vyangu, mwembamba kama barafu ya asubuhi. Kisha tukasubiri. Hata Kamotho aliacha kuchezea kamba akaja kutazama. Ghalani mtu alipiga ukelele ambao ulikatika katikati. Nilikazia macho ule weupe mpaka nikaanza kuona mistari isiyokuwapo, na nikawa namtazama baba ili nijue kama na yeye anaiona.

Unga ulibaki mkavu.

Baba alipumua. Aliketi, akacheka kicheko kidogo kibaya, machozi yakimtoka. "Mama Mkwe hajapasuka," alisema.

"Ni mimi niliyepasuka," alisema mama, akigusa jicho lake.

Nyuma ya banda palikuwa na injini iliyokufa ya lori kama lile, na baba alikuwa ameitoa gasketi yake siku nyingi akaitundika msumarini. Tuliiweka juu ya makaa mpaka shaba ikawa nyekundu, tukaitumbukiza majini ilainike. Mama alikaza nati kuanzia katikati kwenda nje, zote kidogo kidogo, akizunguka na kurudi, mpaka viganja vikachubuka na mpini wa spana ukateleza kwa damu. Akaufunga kitambaa akaendelea. Mpira wa juu wa maji ulikuwa umelainishwa na oili ukawa kama utumbo. Tuliuzungushia ukanda wa tyubu na waya.

Ndipo baba alipokwama. Gasketi sasa ilikuwa nzima, lakini rejeta na matumbo yote ya injini bado yalikuwa na ule utandu wa kahawia umeganda ndani. Maji matupu hayangeutoa. Injini ingechemka tena kabla ya Njoro. Alisema huko Nakuru fundi Mhindi ana dawa yake, lakini Nakuru ilikuwa mbali kama mwezini.

"Mafuta yaliyoganda tu?" aliuliza mama.

"Mafuta yaliyoganda."

Mama alimtazama kama anavyonitazama mimi nikisahau kufunga kuku. "Na sufuria ya nyama mimi huosha kwa kitu gani?"

Alinituma niende kwa mke wa Kamotho. Magadi yetu yalikuwa yamemwagwa pamoja na unga, na nyumba nyingine zote milango ilikuwa imefungwa kwa hofu. Mke wa Kamotho alinipa mfuko wake wote, bila kuniuliza kitu na bila kunitazama usoni. Tulichemsha magadi kwenye debe, tukayamimina rejetani, na baba akamwonyesha yule homugadi mwingine jinsi ya kuzungusha hendeli. Mama Mkwe alikohoa, akanyamaza. Akakohoa tena, akaamka. Mvuke ukajaa bandani, ule mvuke wa magadi na oili ya moto, na tulipofungua chini yakatoka maji mazito ya kahawia yenye povu, yakapita kati ya miguu ya Kamotho. Aliruka tena nyuma, kama asubuhi. Tulijaza, tukamwaga, tukajaza tena, mpaka maji yakatoka kama ya mtoni. Baba akaongeza oili ya injini, akaiacha injini ingurume huku amelala kifudifudi juu ya bamba la mbele, jicho lake likiwa kwenye mdomo wa rejeta. Maji yalibaki safi.

Bwana Kofia alikuja, akatazama humo ndani, akachomoa kijiti cha oili akakifuta kwa suruali yake. "Basi," alisema. Magunia yalipakiwa, na yeye mwenyewe akaliendesha mpaka Nakuru. Kamotho aliikunja kamba yake, akaenda ghalani. Jioni hiyo walitolewa watu wawili wakiwa wamefunikwa makoti, na mmoja wao alikuwa yule mzee wa kondoo.

Sisi tulibaki. Vidole vya baba havikunyooka tena. Alijifunza kuzungusha usukani kwa kiwiko na kiganja. Chungu mama alikivunja.

Kwa miaka yote hii niliamini kwamba mama alikunywa yale maji kwa hofu, na kwamba alimtazama Kamotho vile kwa hasira. Lakini kuna jambo moja lililonisumbua nilipokua. Kamotho bado yupo, na mama humsalimu. Humuuliza habari za watoto. Likizo iliyopita, tukimenya viazi sisi wawili peke yetu, nilipata ujasiri ambao huwa sinao, nikamuuliza anawezaje.

Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Siku ile alipofunua chungu, alisema nini?"

"Alisema anaijua."

"Aliijua wapi?"

Niliacha kumenya. Hakuna aliyeonyeshwa kitu kile isipokuwa aliyelishwa. Ilinichukua miaka mingi na maneno mawili ya mama kuona kwamba mtu aliyevunja mkono wa baba alikuwa akitetemeka tangu alipofunua majani, akidhani kiapo chake mwenyewe kimemfuata mpaka nyuma ya mlango wetu.

"Bwana Kofia alikuwa pale," nilisema. "Ungeuliza hilo tu, wangemwacha baba."

"Wangemnyonga Kamotho."

"Si angestahili?"

"Halafu mzungu angenigeukia mimi," alisema mama, na hakuinua macho kutoka kwenye kisu. "Na wewe mama, angeuliza, umejuaje sura ya kiapo?"

Alitupa kiazi kwenye maji, akachukua kingine. Nami nikaelewa ni kwa nini asubuhi ile, sisi sote tulipokishangaa kile chungu na kelele za Kamotho, yeye peke yake hakushangaa, na kwa nini alikunywa upesi kabla mtu hajamtazama usoni kwa muda mrefu.

Sijui kama baba anajua. Sitakuwa mimi wa kumwambia.